Namna Kiboko Alivyoikana Chumvi ya Zambarau

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chuo!

Chuoni kuna nani?

— Kuna wasomi!

Wote wanasoma?

— Wengine wanasomewa!

Haya, mmesema wenyewe, mimi sijataja mtu. Sogeeni.

Hapo kale, lakini si kale sana, kulikuwa na Chuo Kikuu cha Bondeni, na ndani ya chuo hicho alikuwamo Profesa Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa. Ofisi yake kubwa, kiti chake kikubwa, na mdomo wake, jamani, mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko ofisi. Tena mdomo ule haukula majani peke yake. Ulikula majina.

Mnacheka? Ngojeni. Mwanafunzi akimaliza utafiti, sharti aupeleke kwa Kiboko atie saini. Ukienda na majina matatu, unarudi na mawili: gubu! Ukienda na mawili, unarudi na moja: gubu! Na hilo moja lililobaki, wala usiulize, ni la Kiboko.

Mwaka huo Bondeni wakaungana na chuo cha Profesa Korongo, kule kaskazini kwenye baridi. Korongo ni ndege wa kuja na vuli na kuondoka na masika, kwa hiyo alikuwa na kwao huku na kwao kule. Makubaliano yakaandikwa: Bondeni watoe jiwe na kazi ya mikono, Kaskazini watoe mashine za kupimia, na majina yawe ya waliofanya kazi. Kiboko akasaini hapo hapo. Hakusoma hata mstari. Aliona nafasi ya kwanza iko wazi, basi.

Utafiti wenyewe ulihusu metali za udongo adimu. Msitishike na jina. Ni ndugu kumi na saba, wanafanana kama mapacha, na karibu wote wanaishi pamoja ndani ya jiwe moja. Ukimvuta mmoja, wote wanakuja. Ukimfukuza mmoja, wote wanaondoka. Kumtenga mmoja na nduguze, hiyo ndiyo kazi.

Nani aliifanya? Fuko alichimba. Alishuka chini, kwakwakwa, akapanda na jiwe, akashuka tena. Nguchiro, binti mdogo mwenye macho makali, akalisaga jiwe, akaliyeyusha kwenye tindikali, akamimina juu yake kimiminika kama mafuta, akaanza. Akatikisa: chwa-chwa-chwa! Akaacha litulie: tiii. Akachuja: to, to, to. Kisha akarudia. Chwa-chwa-chwa! Tiii. To, to, to. Mara mia, mara mia mbili, miezi tisa mizima, mpaka mikono ikasahau kushika kijiko cha wali. Mwishowe akampata ndugu mmoja peke yake, anaitwa neodimi, amekaa ndani ya chupa katika umbo la chumvi. Chumvi nzuri, ya kung'aa. Si ya kula, tafadhali.

Na Kiboko je? Kiboko hakukanyaga maabara. Alisema harufu ya tindikali inamkausha ngozi.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye uchungu. Bondeni kulikuwa na sheria: bila jina lako kwenye andiko la utafiti, huvai joho. Nguchiro alikuwa ameshaliwa jina mara mbili. Miaka miwili wenzake wamevaa majoho, wamepigwa vigelegele, yeye yuko pembeni anapiga makofi. Mara hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Akikosa, anarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Akaandika andiko. Juu akaweka: Nguchiro, Fuko, Kiboko. Akabisha hodi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Lete." Kiboko akasoma mstari wa kwanza tu, ule wa majina. "Huyu Fuko anafanya nini hapa?"

"Ndiye aliyechimba, Profesa."

"Mchimbaji naye anaandikwa? Basi na jembe liandikwe!" Gubu! Fuko akaliwa.

"Na mimi, Profesa?"

"Wewe umetikisa chupa. Hata mama ntilie anatikisa chupa ya pilipili."

"Lakini wazo lilikuwa langu."

"Uliliwazia kwenye jengo la nani?"

Mimi ningekuwa pale ningepindua meza. Nawauliza, waungwana: mtu akiota ndoto kwako ukamwamsha, ndoto inakuwa yako? Anayebisha anyooshe mkono. Hakuna? Tuendelee.

Nguchiro hakupindua meza. Aliinamisha kichwa, akalegeza sauti kama mwali.

"Kweli Profesa. Jina langu linachafua tu ukurasa. Tena kwa nini tuseme 'tulifanya', kama vile mlikuwa wengi? Niruhusu niandike hivi: 'Mimi Kiboko nimeifanya kazi hii yote peke yangu, kwa mikono yangu, kila siku kwa miezi tisa, na chumvi hii naifahamu kama mwanangu wa kumzaa.'"

Kiboko akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Ongeza 'bila msaada wa mtu yeyote'."

"Bila msaada wa mtu yeyote," Nguchiro akaandika.

Kiboko akasaini, akagonga muhuri: pwa! Gubu! Nguchiro naye akaliwa.

Fuko alipopata habari alitoka shimoni akiwa na udongo puani.

"Dada Nguchiro, umeuza jina langu!"

"Sijaliuza, kaka. Nimeliweka."

"Umeliweka tumboni kwa Kiboko!"

"Mwache ashibe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

"Methali zako hazivaliwi kama joho," Fuko akasema, akarudi shimoni bila kuaga.

Vuli ikaingia, Korongo akatua na ujumbe wake. Sheria ya ushirikiano ilikuwa hivi: siku tatu kabla ya mkutano, chupa inafungiwa ndani ya sanduku mbele ya watu wote, lakiri inagongwa, ufunguo anakaa nao mgeni. Hiyo ni ili mtu asije akabadilisha kitu. Korongo akamkaribisha Kiboko aitazame chumvi yake kabla ya kufunga.

"Nitazame nini?" Kiboko akasema, mgongo umegeuka, sambusa tatu kinywani. "Mtu hamtazami mwanawe kila siku. Funga!"

Siku ya mkutano ukumbi ukajaa. Nguchiro, mpole kama kifaranga, ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa ukumbi. Akafunga mapazia mazito yote ili picha za kumulikwa ukutani zionekane. Akawasha taa za tyubu, zile ndefu nyeupe: taki! Akaenda kukaa nyuma, karibu na dirisha, Fuko pembeni yake amenuna.

Kiboko akapanda jukwaani, mbao zikalia kwi! Akasoma kwa sauti ya radi: "Mimi, peke yangu, kwa mikono yangu, nimepata chumvi ya neodimi. Rangi yake ni zambarau safi!" Makofi.

"Hongera, Profesa," Korongo akasema, akakata lakiri, akafungua sanduku. "Tuonyeshe."

Kiboko akatia mkono, akainua chupa juu.

Shingo zikanyooka.

Chumvi ilikuwa ya bluu. Bluu iliyopauka, kama shati la shule lililofuliwa mihula sita.

Kiboko akaitazama chupa. Akaitazama karatasi. Akaitazama chupa.

"Wezi!" akanguruma. "Wamenibadilishia! Hii si chumvi yangu!"

"Sanduku lilikuwa na lakiri yangu," Korongo akasema taratibu. "Una hakika hii siyo?"

"Hakika! Yangu ni ya zambarau!"

"Hukuwahi kuiona namna hii, ndani ya miezi tisa?"

"Sijawahi! Tangu nizaliwe sijaiona! Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu: hii chumvi si yangu, siijui, na sihusiki nayo!"

"Andika," Korongo akamwambia karani wake. Kalamu ikaenda: kwa-kwa-kwa. "Sasa, ni ya nani?"

Nguchiro akasimama. "Ni yetu, Mama Korongo. Mimi na kaka Fuko."

"Uongo!" Kiboko akafoka. "Ya kwenu ni ya bluu, andiko linasema zambarau!"

"Sawa kabisa, Profesa," Nguchiro akasema, akashika pazia, akalivuta. Swaaa! Jua likaingia likamwagika jukwaani, na ndani ya mkono wa Kiboko ile chumvi ikawa zambarau. Zambarau kama zambarau zenyewe zilizoiva.

Kiboko akaruka. "Ee! Hii ndiyo yangu!"

Nguchiro akafunga pazia. Swaaa! Bluu.

"Na hii, Profesa?"

"Si yangu!"

Swaaa! Zambarau.

"Yangu!"

Swaaa! Bluu.

"Si ya... aa, ngoja."

Swaaa!

"Yangu!"

Swaaa!

"Si yangu!"

Ukumbi ulikwisha kwa kucheka. Nyani walilala sakafuni wameshika mbavu, Twiga kicheko kikamchukua muda kupanda shingoni, kilipofika wenzake walikuwa wameshanyamaza, akacheka peke yake. Hata Fuko, aliyekuwa amenuna, alijisahau akapiga meza.

"Waheshimiwa," Nguchiro akasema, "chumvi hii ina uchaguzi. Mwanga wa jua una rangi zote, nayo inakamata baadhi na kurudisha baadhi, tunaona zambarau. Taa ya tyubu inatoa rangi chache tu, kwa hiyo kinachorudi ni bluu. Chupa ni ile ile. Aliyekaa nayo hata siku moja, kuanzia asubuhi mpaka taa zikawashwa, analijua hilo."

"Hata mimi mchimbaji nalijua," Fuko akadakia. "Na jembe langu pia."

Korongo akageukia kumbukumbu. "Profesa amesema mwenyewe kwamba hahusiki. Sisi ni nani tumbishie mtu mzima?"

Basi jina la Kiboko likafutwa. Hapo tena Fuko na Nguchiro wakabishana siku mbili nani atangulie, Fuko akidai bila jiwe hakuna chumvi, Nguchiro akidai bila chumvi hilo ni jiwe tu. Wakakubaliana Fuko atangulie kwenye andiko hili, Nguchiro kwenye lijalo. Mwezi huo huo Nguchiro akavaa joho. Lilikuwa refu kuliko yeye, likaburuta vumbi la ukumbi mzima, na mama yake alipiga kigelegele mpaka akaombwa apumzike.

Kiboko akaja akilia. "Wanangu, hata nafasi ya mwisho hamna? Hata kwenye shukrani?"

Wakamhurumia. Mpaka leo, ukilifungua andiko lile ukurasa wa nyuma, utakuta: "Tunamshukuru Profesa Kiboko kwa kuthibitisha hadharani kwamba hakushiriki." Naye ameukata ukurasa huo, ameutia kwenye fremu, ameutundika ofisini. Akija mgeni anamwonyesha kwa kidole: "Soma hapo. Jina langu."

Haya, tupate funzo, maana ngano bila funzo ni kama mahafali bila pilau. Funzo ni hili: watoto wazuri, waheshimuni wakubwa, wapeni majina yenu yote bila kinyongo. Nanyi wakubwa mnaotaka kuiba kazi ya mtu, ibeni, lakini jamani, kaitembeleeni kwanza hata siku moja, msije mkaikana mbele ya wageni.

— Aa, hilo si funzo!

Si funzo? Basi lifuteni, mwandike lenu, na jina langu msiliweke.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyo tamu mgawane, iliyo chungu mwachieni Kiboko ale.