Nyumba ya Nyuma ya Hidaya

Tarehe 14 Machi, mwaka 2009, siku ya Jumamosi, ndipo iliposemwa kwa mara ya kwanza mjini kwetu Muheza methali hii: Hati moja haifuniki mapaa mawili. Leo mmemsikia mwenyekiti wa mtaa akimwambia bwana mmoja maneno hayo, nanyi mkanigeukia mkauliza, "Mama, yametoka wapi?" Kaeni vizuri, wanangu. Niliwafahamu waliohusika, na chanzo chake ni hiki.

Walikuwapo dada wawili, Zubeda na Hidaya, mabinti wa marehemu Mzee Shekiondo. Baba yao aliwaachia kiwanja kimoja chenye nyumba mbili. Hati ya kiwanja hicho ilikuwa moja, yenye majina ya wote wawili, kwa maana mzee aliusia kwamba ardhi ile isikatwe kamwe. Zubeda, aliyekuwa mkubwa, alipewa nyumba ya mbele, inayotazama barabara. Hidaya alipewa nyumba ya nyuma, ile ya uani. Wao wenyewe waliishi kwingine, na nyumba zile walizipangisha: ya mbele kwa mwalimu mmoja na familia yake, ya nyuma kwa fundi cherehani na mkewe.

Ila hali za dada hao hazikulingana. Zubeda alikuwa na shamba la michungwa, na kodi ya nyumba kwake ilikuwa nyongeza tu. Hidaya alikuwa mjane, tena miguu yake ilikuwa imedhoofu kwa maradhi hata hakuweza kushika jembe. Nyumba ya nyuma ndiyo iliyokuwa shamba lake. Ilimlisha, ikamvisha, ikamnunulia dawa.

Mwaka mmoja kabla ya siku niliyoitaja, soko dogo la mtaa wa pili liliungua, na watu wengi wakaingiwa na hofu. Zubeda akamwita wakala wa bima ili wakate bima ya moto. Wakala alifika asubuhi akiwa na fomu zake. Zubeda akamkaribisha barazani kwenye nyumba ya mbele, akamletea kiti na chai. Wakala akapima kuta, akahesabu vyumba, akatazama mabati. Kisha akauliza, "Na huko nyuma, mama?"

Siku hiyo fundi na mkewe walikuwa wamekwenda kuchuma machungwa, na mlango wao ulikuwa umefungwa. Zubeda alilelewa kwa adabu. Aliona ni aibu kumpeleka mwanamume mgeni katika ua wa watu wasiokuwapo. Akajibu, "Huko ni uani, baba. Hati ya kiwanja ni hii, na hati ni moja." Wakala akaandika alichokiona, Zubeda akatia dole gumba, kwa sababu wakati huo hakujua kusoma.

Jioni alimpelekea mdogo wake karatasi ya bima ndani ya bahasha.

"Tumekata bima, Hidaya. Sasa ulale."

"Ahsante, dada. Na nyumba yangu nayo imo?"

"Itakosaje kuwamo? Kwani hati ziko ngapi?"

Hidaya alimaliza darasa la saba na alijua kusoma vizuri. Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Lakini kuifungua na kuisoma mbele ya dada yake aliona ni sawa na kumkagua mkubwa wake, kama vile hamwamini. Akaiweka bahasha sandukuni bila kuifungua. Hivyo adabu ya mkubwa ilificha nyumba, na adabu ya mdogo ikaficha karatasi.

Jumamosi ile, saa sita mchana, waya wa umeme ulishika moto darini mwa nyumba ya nyuma. Majirani walikimbia na ndoo, wanaume wakapanda kuyabomoa mabati, lakini moto ulikuwa umekwisha kula mbao zote. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Fundi aliokoa cherehani moja kati ya tatu. Nyumba ya mbele haikuguswa hata na moshi.

Hidaya aliletwa kwa pikipiki, ile bahasha ya sandukuni ikiwa mkononi mwake. Aliposhuka alikaa chini palepale mchangani. Zubeda akamshika bega, akasema kwa sauti ya uhakika, "Usilie, mdogo wangu. Tuna karatasi."

Mkaguzi wa bima alikuwa na kazi nyingine mjini siku hiyo, akaja kabla ya alasiri. Alikuwa kijana mpole. Akaifungua bahasha, akasoma, akatazama nyumba ya mbele, kisha magofu yanayofuka moshi, akasoma tena.

"Shikamooni, mama zangu. Poleni sana. Iliyoandikwa hapa ni nyumba moja, inayotazama barabara, yenye mpangaji mmoja mwalimu. Hiyo naiona imesimama. Hii iliyoungua siioni kwenye karatasi."

"Marahaba. Huioni vipi, mwanangu?" Zubeda akasema, akafungua mkoba na kutoa hati ya kiwanja. "Tazama hapa. Kiwanja ni kimoja, nambari ni moja, hati ni moja. Nyumba zote zimo humu!"

Mkaguzi akaipokea hati kwa mikono miwili. "Mama, hati hii inanijulisha ardhi ni ya nani. Hainijulishi juu yake zimejengwa nyumba ngapi, wala nani analala ndani. Bima inafuata nyumba iliyotajwa. Wakala alipokuja, ulimpeleka huku nyuma?"

"Wenyewe hawakuwapo. Ningemwingizaje mwanamume katika ua wa watu?"

"Hukukosea kutomwingiza. Lakini kumwingiza ni jambo moja, na kumwambia ni jambo jingine. Je, ulimwambia kwamba kuna nyumba ya pili, ina wapangaji?"

Zubeda akanyoosha mkono, akaichukua tena hati yake. Mke wa fundi, aliyekuwa akikung'uta majivu kwenye khanga yake, akaguna, "Ee Bibi Zubeda! Basi mwaka mzima tumelindwa na mlango wetu wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hidaya, akiwa bado mchangani, akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Kumbe hati moja haifuniki mapaa mawili. Nami nilikuwa na macho ya kusoma, nikayafumba."

Hayo ndiyo maneno yaliyobaki midomoni mwa watu. Mkaguzi aliomba radhi, akaaga, akaondoka. Majirani wakabaki wamesimama. Jambo lililokuwa mbele yao lilikuwa wazi: mjane asiyeweza kulima amepoteza shamba lake pekee, na hakuna wa kumlipa.

Ndipo Zubeda alipotoa funguo za akiba za nyumba ya mbele, akaziweka katika kiganja cha mdogo wake.

"Kuanzia leo mwalimu ni mpangaji wako. Nyumba iliyosimama ni yako, na hii iliyoungua ni yangu."

"Dada, baba hakugawa hivyo."

"Baba alinipa na ukubwa pia, Hidaya, na mkubwa ni jaa. Acha majivu yaje kwangu."

Zubeda alijenga upya nyumba ya nyuma kwa machungwa ya misimu mitatu, bati baada ya bati. Katika miaka hiyo alijiandikisha katika darasa la elimu ya watu wazima, akaketi dawati moja nami. Wakala alipoitwa tena, Zubeda alimzungusha kiwanja kizima, akamtaka ataje nyumba zote mbili na wanaokaa ndani yake. Kisha akaisoma fomu mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, huku Hidaya ameketi kando akifuatiliza kwa kidole.

Basi, wanangu, usidhani kwamba usilolitaja limekwisha kuingia katika uliloandika, wala usione haya kuisoma karatasi aliyokuletea umpendaye. Hati moja haifuniki mapaa mawili. Nawe uliyeisoma habari hii, mpelekee mwenye nyumba mmoja unayemjua. Na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.