Gari Tupu Halina Kosa

Mmemsikia shangazi yenu akimjibu yule bwana asiye na mtoto, aliyekuwa akimfundisha kulea: "Gari tupu halina kosa." Mkacheka, kisha mkauliza msemo huo umetoka wapi. Ulitoka hapa hapa Iringa, na ulianza namna hii.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mbio za kupanda mlima, gari jekundu la viti viwili, la zamani kuliko dereva wake, lilirudi gereji likiwa na majani kwenye bampa. Dereva, Semeni Kalinga, alikuwa ameponyokwa nalo tena mazoezini, kwenye kona ile ile ya kushoto. Mkia wa gari ulikuwa umemtoroka ukaenda nje.

Fundi Luvanda, binamu yake, alikuwa amekwisha kuyanyoosha magurudumu ya nyuma mara kadhaa wiki ile. Alikuwa akifunga uzi kila upande wa gari, kisha akipima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma. Kila mara vipimo vililingana.

"Gari limenyooka," alisema. "Aliyepinda ni dereva."

"Haya, sema yote."

"Wiki nzima nimemwambia mwenyekiti wa klabu kwamba gari halina kosa, naye anasubiri neno langu la mwisho. Nikisema gari ni zima, kesho anampa dereva mwenzako, Mgimwa, aendeshe."

"Pima mara ya mwisho, kisha mwambie."

"Basi shuka, dada. Utanivurugia vipimo."

"Sishuki. Miguu imekwisha. Pima nikiwa humu, au niache nilale."

Luvanda naye alikuwa amechoka kubishana. Alipiga magoti akapima. Gurudumu la kushoto lilikuwa vile vile. La kulia, upande wa dereva, lilikuwa limegeuka, ukingo wake wa mbele ukitazama nje.

"Dada, shuka kidogo."

"Umeanza tena."

"Shuka, kisha urudi."

Alishuka akinung'unika, gurudumu likanyooka. Alirudi, likageuka.

Luvanda aliingia uvunguni. Bushi, ule mpira unaoshika mkono wa gurudumu, ilikuwa imechoka. Gari likiwa tupu ilisimama imara. Akikaa mtu, ililegea. Mpya haikupatikana mjini.

"Kaa hapo hapo," alisema.

Alibadilisha vibati vyembamba vilivyo nyuma ya mkono ule, vinavyorekebisha mwelekeo wa gurudumu, na kila mara akalisukuma gari mbele na nyuma ili likae sawa kabla ya kupima. Semeni alilala, hata jeki ilipomwinua. Nyuzi zilipokubaliana naye akiwa ndani, Luvanda hakumwamsha.

Jumamosi Semeni aliingia kona ya kushoto, mkia ukamfuata. Akafika juu.

Mwenyekiti, aliyekwisha kuelezwa habari ya bushi, alimgeukia Luvanda. "Si ulisema gari halina kosa?"

"Nililipima tupu, Mwenyekiti," Luvanda alijibu, akifuta mikono. "Gari tupu halina kosa."