Kwa Nini Rauta Huishia Kumi na Sita

Mnaniuliza kwa nini rauta, mashine hizi zinazotuelekezea ujumbe mtandaoni, hazina desturi moja. Shule nilisoma kidogo. Nawapa kama nilivyopewa.

Kale, ujumbe ulipita kilima hadi kilima. Kila kilima kilikuwa na mlinzi wa njia. Alimuuliza jirani umbali hadi aendako mjumbe, akaongeza kilima kimoja, basi. Kumuuliza jirani habari kaipata wapi kulikuwa kukosa adabu.

Siku moja Righa, mjumbe, alifika kwa mlinzi Wakesho na kibuyu cha dawa ya mama yake, aliyekuwa hoi Ndolwa, kilima kinachofuata. Lakini asubuhi ile ukungu ulipoinuka, Ndolwa haikuwapo. Ardhi ilikuwa imeimeza pamoja na njia yake, kimya, bila hata vumbi.

Wakesho aliogopa kusema. Simlaumu, Mungu anisamehe, nami nimewahi kuficha habari ya msiba. Akamwita jirani wa nyuma, mzee Mwakio: "Baba, kwako Ndolwa iko?"

"Iko, mwanangu. Vilima viwili."

Viwili hivyo mzee alivipata kwa Wakesho mwenyewe, siku za nyuma.

"Basi kwangu vitatu. Righa, pitia kwa mzee."

Mwakio naye akahesabu: "Kwa Wakesho vitatu, kwangu vinne. Rudi kwake." Kwa Wakesho vikawa vitano. Kwa Mwakio, sita.

"Wewe tena? Una miguu ya mbuzi?" mzee alitania. Baadaye hakutania. Mbwa waliacha kumbwekea Righa, kana kwamba hapiti mtu. Alikwenda na kurudi ndani ya ukungu, na kila hatua mama yake alizidi kuwa mbali.

Mwakio alipotamka kumi na sita, Righa alisimama. "Mzee wangu, nisamehe. Nani kati yenu ameiona Ndolwa leo?"

Wakesho alikuwa amemfuata. Akapiga magoti. "Hapafikiki, kaka. Nilijua tangu asubuhi."

Righa akamwaga dawa chini.

Walinzi wakagawanyika. Wengine waliendelea kumuuliza jirani, ila wakaapa kutomrudishia mtu habari aliyoitoa mwenyewe. Wengine walikataa tetesi: kila mmoja akawatangazia wote njia alizoziona kwa macho yake, na kila mmoja akajichorea ramani nzima. Wa tatu walikaa mipakani mwa koo, wakiitaja njia kwa majina ya koo zote inazopitia, ili anayesikia ukoo wake humo ajue njia inamrudia mwenyewe.

Na tangu siku hiyo rauta zimefuata makundi hayo. Na zile kongwe za kuuliza jirani, hesabu ikifika kumi na sita, husema mahali hapo hapafikiki, ili anayesubiri aruhusiwe kulia.