Doa la Bi Mwatime

Mmeniuliza kwa nini shimo jeusi la mbinguni halimwoneshi mtu kilichomo ndani. Kaeni, si hadithi ndefu.

Hapo kale, ulimwengu ukiwa mpya na wino wake mbichi, palikuwa na masijala mbili. Ya Bwana Kombo ilishughulikia vikubwa: jua, mwezi, milima. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kizito hupinda mahali kilipokaa, kama kitanda cha kamba kinavyobonyea chini ya mgeni mnene. Daftari lake lilijaa neno moja, "lazima". Ya Bi Kidawa ilikuwa ya vidogo visivyoshikika hata kwa ncha ya sindano. Ukivitafuta hapa, huenda viko kule. Naye akaandika "huenda". Hawakuwahi kukosea, wote wawili, ndiyo maana hawakusalimiana.

Siku moja nyota mkongwe, Bi Mwatime, aliishiwa moto. Akajiangukia, akajikunja hadi akawa mdogo kuliko punje ya mtama, na uzito wake uleule. Akahitaji kibali cha kupumzika, kwani asiye nacho huendelea kujiangukia milele. Bwana Kombo akamwona mdogo, akamwelekeza dirisha la pili. Bi Kidawa akamwona mzito, akamrudisha la kwanza. Alikwenda na kurudi miaka milioni, muda ambao masijala huuita "shughuli inaendelea".

"Wanangu," akasema mwishowe, "mimi ni mmoja. Nipigieni mihuri yote miwili."

Wakaona haya, wakapiga, kila mmoja muhuri wenye neno lake. Lakini kibali kilikuwa kidogo kama mwenyewe; "lazima" ikaangukia juu ya "huenda", pakabaki doa jeusi.

"Imeandikwaje hapa?" akauliza ajuza.

Kombo akasema lazima. Kidawa akasema huenda. Bi Mwatime akavuta buibui lake, akajifunika gubigubi.

"Atakayelisoma doa hili kwa neno moja, huyo nitamfunulia. Nami nitapumzika."

Siku hiyo Kombo na Kidawa waliburuta meza zao, wakaziunganisha.

Na tangu siku hiyo shimo jeusi halioneshi uso, na wataalamu hurithishana viti vya meza ile. Wapo waliosoma doa wakaona nyuzi zinazotetema. Wapo walioona vitanzi vilivyosokotana. Kila kizazi hukosea kwa ustadi zaidi kuliko kilichotangulia, nao hufuta, huanza upya, bila kununa. Ajuza bado yuko dirishani, na hawa ndio watumishi pekee niliowahi kusikia ambao hawajamwambia arudi kesho.