Kiingilio Kilichoota Kilimani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu na majirani wa kugombana nao, palikuwa na chemchemi chini ya kilima kikavu. Maji yake matamu, mpaka ndege hondohondo walitoka misitu ya mbali kuja kuyaoga na kuyashangaa.

Kila mgeni alitoa kiingilio: kikapu cha makuyu mabivu. Wanyama walikubaliana mbegu zake zipandwe kilimani, maana mkuyu hushika maji ardhini. Mlango wa chemchemi na vikapu vyote wakamkabidhi Tembo. Nani angempita kwa nguvu?

Ikapita miaka miwili. Kilimani hapakuota hata jani. Chemchemi ikapungua, ikapungua, ile chururu ikawa ndo, ndo, ndo.

Mama Pimbi, mdogo kuliko sikio la Tembo, aliishi kwenye mawe ya pale na watoto wawili waliozaliwa juzi tu. Kila akiitazama midomo yao mikavu, aliwaza: Maji yakikauka nitawapeleka wapi, nitawabebaje wote wawili, na mwewe je? Akaenda mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba Tembo."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Mjomba, yale makuyu ya wageni yako wapi, maana kilima kitupu, na maji yanakwisha, na wanangu wachanga, na mimi sijui—"

"Pumua, mwanangu! Makuyu yako ghalani."

"Ghala lenyewe liko wapi?"

"Ghala la mlinzi haliulizwi!"

Mara tumbo la Tembo likalia: gruuu-bu! Na kidevuni maji ya makuyu yalikuwa yakimchuruzika. Pimbi akajua ghala liko wapi. Miguu ilitaka kukimbia. Akawakumbuka wanawe, akaizuia.

"Ala! Mjomba, umesikia?"

"Nini?"

"Mizizi hiyo! Mbegu za kiingilio zikikaa tumboni huota. Inatafuta pa kushika!"

"Upuuzi!"

Gruuu-bu! likajibu tumbo.

"Hebu geuka nikuone. Maskini! Imeshatokea mkiani!"

"Hizo ni nywele zangu! Nimezaliwa nazo!"

"Ndivyo wanavyosema wote, mjomba, mpaka siku matawi yanapotokea masikioni."

Tembo akayashika masikio yake. Akainama, akanong'ona, "Tuseme yuko rafiki yangu, kaonja kidogo. Afanyeje?"

"Apande kilimani kila alfajiri, ajisaidie huko, halafu apamwagie maji mkonga mmoja. Kesho yake asirudie pale pale, asogee hatua tatu. Akirudia, dawa imevunjika."

"Nani kakwambia rafiki yangu ana mkonga?"

"Basi aazime wako."

Kulipokucha, du! du! du! Tembo huyo kilimani. Puu! Chwaaa! Kesho yake hatua tatu, puu! Chwaaa! Na kula hakuacha, wanangu! Kadiri alivyokula ndivyo alivyoogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyopanda kilima.

Mvua zikaja mara mbili. Hondohondo waliporudi walipiga kelele, "Kwa-kwa-kwa! Kilima kimevaa nguo!" Mikuyu michanga imejaa mteremko mzima, na chini chemchemi imerudi chururu.

Tembo akatunisha kifua. "Mlinzi ni mimi."

Hondohondo mmoja akachunguza chini ya mti. "Mzee, mbona kila mche umesimama kwenye kinyesi chako?"

Wanyama wote wakaangua kicheko! Hata kobe alicheka mpaka akapinduka.

"Pimbi," Tembo akauliza, masikio yameanguka, "kwa hiyo sikuwa naumwa?"

"Uliumwa, mjomba. Ulafi."

Tembo akatazama kilima, akatazama maji, mwisho akacheka na yeye, gruuu-bu!

Tangu siku hiyo vikapu vya wageni hupokelewa na Mama Pimbi, na mbegu hupandwa mbele ya wote. Tembo amebaki mwagiliaji. Akifika juu hugeuka kidogo, akachungulia mkia wake. Na watoto wa Pimbi? Wanakunywa mpaka wanasinzia, videvu vimelowa.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokunywa maji ikalala: kilichotolewa kwa ajili ya wote, ukikila peke yako, kitaota mahali na kukutaja.