Sauti ya Siwatu Juu ya Dungu

Paukwa!

Pakawa!

Hao ni walio karibu nami. Nyinyi mlioegemea ukuta kule nyuma, paukwa!

Pakawa!

Basi kaeni vizuri, mnisikilize. Zamani hizo, zamani ambazo hata babu zetu walizisikia kwa babu zao, palikuwa na kijiji kando ya bonde. Mvua ilikosekana mwaka mzima. Watu wakala akiba, wakala majani, wakala mizizi. Mvua iliporudi, ghala zilikuwa tupu. Mbegu za mtama zilizosalia kijiji kizima zilitosha kapu moja.

Jumbe Kitwana, mkuu wa kijiji, akaita watu akawaambia, "Tusigawane mbegu hizi. Tuzipande pamoja, shamba moja, bondeni. Tukivuna, kila nyumba itapata mbegu yake. Ndege wakizila, hatuna nyingine."

Watu wakakubali. Wakalima, wakapanda, mtama ukaota. Ukakua, ukatoa masuke. Na masuke yalipoanza kujaa, wakaja kwelea.

Mnawajua kwelea? Ndege mdogo, mdomo mwekundu, anatosha kwenye kiganja. Mmoja si kitu. Lakini kwelea haji mmoja. Anakuja kama wingu. Shaaa! Wingu likitua shambani, likiinuka limeacha mabua.

Kazi ya kufukuza ndege shambani huitwa kuamia. Mwamiaji hujengewa dungu, yaani kitanda kirefu cha miti chenye ngazi, akakaa juu akaliona shamba lote. Na mwamiaji wa kijiji kile alikuwa Siwatu.

Siwatu alikuwa na teo, kamba ya kurushia mawe, na jiwe lake halikukosea. Alikuwa na sauti iliyovuka bonde ikagonga kilima cha pili. Walipomchagua hakusita. Alifurahi. Alikuwa na mimba, lakini tumbo bado dogo, halijaonekana. Mumewe, Feruzi, alikwenda na wenzake nchi ya mbali kutafuta chumvi, na hakuna aliyekuwa amerudi. Mama yake alikufa mwaka ule wa njaa. Nyumbani kwake alikuwa peke yake. Akaona, afadhali kazi.

Basi alfajiri Siwatu yuko juu ya dungu. Wenzake wanapita, wanakwenda msituni kuchimba viazi mwitu, maana hapakuwa na chakula kingine. Yeye anabaki na shamba.

Wingu linakuja. Shaaa!

"Hoo, ndege, hoo! Hapa hapana chenu, hoo!"

Teo linazunguka. Vuu, vuu, vuu, pwaa!

Wingu linainuka, linageuka, linajaribu upande wa pili. Shaaa!

"Hoo, ndege, hoo! Hapa hapana chenu, hoo!"

Vuu, vuu, vuu, pwaa!

Hivyo tangu jua linachomoza hadi linazama. Wale msituni walikuwa wakichimba wanaisikia sauti yake, mioyo yao inatulia. Wakisikia "hoo", wanajua mbegu ipo.

Jioni Siwatu anarudi. Anakutana na watu njiani.

"Habari za shamba, Siwatu?"

Siwatu hana sauti. Ameimaliza kwa ndege. Anainua mkono tu.

"Ndege wamekula?"

Anatikisa kichwa.

"Vizuri," wanasema, wanapita.

Anafika nyumbani, anakoka moto, anakaa. Hata kama angekuwapo mtu wa kuongea naye, angeongea kwa sauti gani? Majirani wakaanza kusema, siku hizi Siwatu hana maneno, tangu apewe shamba amekuwa na maringo. Wakaacha kupita kwake.

Tumbo likakua. Miguu ikavimba. Kupanda ngazi ikawa kazi, kushuka ikawa kazi kubwa zaidi. Na mwenye mimba, mnajua, haja ndogo haimpi nafasi. Kila akishuka kwenda kichakani, shaaa, ndege wametua. Mara moja akarudi mbio, amechelewa, masuke kadhaa yameliwa. Usiku huo hakulala kwa kuyafikiria. Basi akafanya nini? Akaacha kunywa maji. Aliona asipokunywa hatashuka. Kibuyu kikawa kinapanda dungu kimejaa, kinarudi nyumbani kimejaa.

Kichwa kikaanza kumzunguka. Akawa anashika nguzo ya dungu, anafumba macho, kisha anarusha tena.

Siku moja Jumbe Kitwana alipita kuangalia mtama. Akasimama chini ya dungu, uso unang'aa kwa furaha. Siwatu akaona hapa ndipo pa kusema.

"Jumbe," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "mimi naona..."

"Mwanangu," Jumbe akamwambia, "wewe ndiye unayetufanya tulale. Nikiisikia sauti yako huko msituni nasema, watoto wetu watakula mwakani. Ulikuwa unasema nini?"

Siwatu akaliangalia shamba. "Naona masuke yanajaa," akasema.

"Yanajaa," akasema Jumbe, akaenda zake.

Mtu mmoja tu alikuwa akicheza na Siwatu kule juu. Ni yule wa tumboni. Teo likizunguka, naye anapiga teke. Siwatu akirusha, teke. Akirusha, teke. Akawa anamwambia kwa moyo, kwa kuwa sauti haipo: tulia, tumewafukuza. Hao walikuwa wawili, na huo ndio ulikuwa mji wao.

Ikaja siku akarusha jiwe, hakuna teke. Akarusha tena, hakuna. Akajigusa tumbo, kimya. Jioni, kimya. Akalala chali, akalala ubavu, kimya. Asubuhi akapanda dungu, akaita ndege kwa sauti, lakini masikio yake yote yalikuwa tumboni.

Sasa, kijijini alibaki mzee mmoja asiyeweza kwenda msituni. Ni Bibi Mwanjaa, mkubwa kuliko wote. Watu walimpelekea magomvi yao ayaamue, na alikuwa na desturi ya kusikiliza muda mrefu na kusema kidogo. Kutwa alikaa mlangoni kwake akisuka ukili wa mkeka, huku akiisikia sauti ya bondeni. Aliijua kama mtu anavyoujua mwendo wa jirani yake. Asubuhi ile akaisikia imepasuka. Akaisikia inaita, inakatika. Inaita, inakatika. Akaweka ukili chini, akachukua fimbo, kibuyu cha maji na kibuyu cha uji, akaanza safari. Ko, ko, ko, fimbo mbele, mguu nyuma. Jua lilikuwa juu alipofika chini ya dungu.

"Shikamoo, Bibi," Siwatu akasema huko juu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Shuka."

"Bibi, ndege..."

"Nimewaona. Shuka."

Siwatu akashuka, ngazi moja, akapumzika, ngazi nyingine. Bibi Mwanjaa akamtazama miguu, akamtazama midomo iliyokauka. Hakuuliza habari za shamba.

"Mtoto anacheza?"

Tangu mimba ile iingie, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza neno hilo. Siwatu akafungua kinywa, kilio kikatoka mahali pa jibu.

"Tangu jana hajacheza, Bibi."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Niwaambie watu wakae njaa kwa sababu ya tumbo langu?"

Bibi Mwanjaa alitandika kaniki yake kivulini, chini ya dungu. Akampa maji, akamwambia anywe. Akampa tena. Akampa uji. Kisha akamwambia, "Lala kwa ubavu wa kushoto."

Siwatu akalala. Na mara, shaaa!

Akataka kuinuka. Mkono wa Bibi Mwanjaa ulikuwa begani mwake, mwepesi, lakini haukuondoka.

"Wamekuja, Bibi."

"Wamekuja."

"Wanakula."

"Nawasikia."

Na kweli walisikika. Midomo maelfu kwenye masuke, ta ta ta ta, kama mvua ya kwanza juu ya makuti. Siwatu akaziba masikio, machozi yakashuka kaniki ikalowa. Alikuwa amekaa juu kule siku kwa siku ili asisikie sauti hiyo.

"Bibi," akauliza baadaye, "wewe ulipokuwa na mimba yako na kazi zako, ulimwambia nani?"

Bibi Mwanjaa aliendelea kumkanda miguu. "Sikumwambia mtu," akasema.

Siwatu alijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba Bibi Mwanjaa hakuwa na mtoto. Hakuuliza tena.

Kule msituni watu walikuwa wakichimba. Mmoja akainua kichwa. Mwingine akasimamisha jembe. Kuna kitu kimepungua, lakini ni nini? Kisha Jumbe Kitwana akasema, "Sauti. Siisikii sauti."

Wakatupa makapu. Du du du du, wakateremka bondeni, wanaume kwa wanawake. Wakakuta wingu limetua kona ya shamba. Wakawavamia ndege kwa majembe, kwa nguo, kwa mikono mitupu. Wingu likainuka likaenda. Kona ile ilibaki mabua.

Jumbe akaja mbio mpaka chini ya dungu, akihema. Akamwona Siwatu amelala.

"Siwatu, umelala? Mbegu inaliwa wewe umelala?"

"Nimemlaza mimi," akasema Bibi Mwanjaa.

"Bibi, hiyo ni mbegu yetu sote."

"Najua. Kilicholiwa kitoeni kwenye fungu langu."

"Lakini kwa nini hukutuita?"

"Ningewaita kwa sauti gani, Kitwana? Yangu haifiki hata kisimani. Sauti mnayoisikia nyinyi ni moja tu, ya huyu. Ndiyo maana nikainyamazisha, mpate kuja."

Watu wakasogea, wakawazunguka. Wengine hapo ndipo walipoliona tumbo lilivyokuwa kubwa, na miguu ilivyovimba. Mchana yeye alikuwa juu, wao wanapita chini; jioni waliuliza shamba tu, wakapita.

"Mkeo alipokuwa na mimba ya mwanao wa kwanza," Bibi Mwanjaa akamuuliza Jumbe, "nani alimtekea maji?"

"Mama yangu."

"Na nani alimkanda miguu?"

"Mama yake."

"Huyu ana nani?"

Jumbe Kitwana alikuwa mtu mwema, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema swali lile lilimwingia.

Wakati ule ule, wao wamesimama hivyo, Siwatu akasikia kitu. Kidogo sana, kama kidole kinachobisha upande wa ndani. Akanyamaza, asikipoteze. Kikabisha tena. Akaushika mkono wa Bibi Mwanjaa akauweka hapo, na mzee akafumba macho akaitikia kwa kichwa polepole. Hawakulitaja jambo hilo mpaka watu walipoondoka.

Tangu siku hiyo kazi ikagawanywa. Siwatu aliamia asubuhi, jua likiwa halijawa kali, amekaa, maji karibu yake. Jua likipanda wanakuja wengine na ngoma na mabuyu ya kugonga. Teo lao lilikosea. Sauti zao zilikuwa nyembamba. Ndege waliiba hapa, wakaiba pale, lakini shamba lilibaki shamba.

Na Siwatu, mnadhani alifurahi? Mchana alilala nyumbani kwake akiwasikia wanavyoita huko bondeni, na moyo ulimuuma. Bibi Mwanjaa alikuwa akija kukaa naye, na ukili wake.

"Wanaweza bila mimi," Siwatu akamwambia siku moja.

"Wanaweza vibaya. Lakini wanaweza. Inauma?"

"Inauma, Bibi."

"Acha iume. Wewe kula."

Sauti yake ikapona. Mwanzoni hakujua aifanyie nini, mtu aliyezoea ndege tu. Baadaye akaanza kuzungumza. Alimzungumzia Feruzi, alimzungumzia mama yake, alizungumzia hofu ya kuzaa. Bibi Mwanjaa alisikiliza akisuka. Hakumwambia kwamba Feruzi atarudi.

Siku mtama ulipokatwa, Siwatu akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele nyingi. Mavuno yalipogawanywa kila nyumba ilipata mbegu, pungufu kuliko walivyotarajia. Jumbe akampelekea Bibi Mwanjaa fungu lake. Akalikataa. "Tulikubaliana," akasema. Jumbe akabembeleza, mzee akarudia neno lile lile. Kipupwe chote alikula chungu kimoja na Siwatu, mtoto katikati yao.

Kabla ya mvua nyingine Bibi Mwanjaa akafa, usingizini. Siwatu ndiye aliyemwosha, pamoja na mke wa Jumbe.

Watu wa chumvi wakarudi mwaka ule. Feruzi hakuwamo. Walisema alibaki njiani, mgonjwa, na hawakujua zaidi. Siwatu akabaki na mwanawe. Upweke haukumwacha, nisiwadanganye. Ila mlango wake haukufungwa tena jioni, kwa kuwa majirani walikuwa wakiingia, wakikaa, na habari ya kwanza kuulizwa haikuwa ya shamba.

Basi mliokuja kusikiliza, hili ndilo la kuondoka nalo. Ukimwona mwenye mimba anafanya kazi nzito na hasemi kitu, usidhani hana la kusema. Muulize hali yake kabla ya kumuuliza kazi. Na wewe mwenye mzigo wa namna mbili, wa mikononi na wa tumboni, usingoje mpaka sauti iishe. Sema ingali ipo.

Nilikoitoa hadithi hii ndipo ninapoirudisha. Yangu imekwisha. Mwenye yake na aseme.