Tuta Lililongoja Mafuriko

Hadithi hii imenifikia asubuhi nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yule ndugu yako anayeuliza kila siku, "Na hayo mafuriko yasipokuja?"

Palikuwa na nchi iitwayo Ibushi, bondeni, kando ya mto Nyangoko. Kila baada ya miaka kadhaa mto ule ulivuka kingo zake, ukaingia majumbani bila hodi, ukaondoka na maghala, mbuzi, na mara nyingine watu.

Mama mmoja fundi wa mawe, jina lake Milembe, akaenda kwa Mtemi, mtawala wa nchi hiyo.

"Mtemi, tujenge tuta la mawe na udongo, kutoka mlimani hadi kivukoni. Juu liwe pana, mikokoteni miwili ipishane. Maji yakija, yatalikuta limesimama."

Watu walikubali, lakini Ibushi ilikuwa na desturi yake. Katika kazi ya wote, kila kaya ilibeba mawe na kuchora alama yake juu ya kila jiwe. Kama adui aliyetajwa, yaani ile hatari ambayo kazi ilikusudiwa kuizuia, hakufika ndani ya masika saba, kila kaya ilikuwa na haki ya kung'oa mawe yake. Na yule aliyeomba kazi alihama nchi, mkononi ana kibuyu cha maji tu.

Milembe akala kiapo, akamtaja adui: mafuriko.

Mzee Kashindye, mkulima mwenye sauti kubwa kuliko fahali wake, alichora alama ya jembe kwenye mawe yake huku akinung'unika. "Nabeba, ndiyo. Lakini nitahesabu masika!"

Tuta likasimama. Masika ya kwanza, mto ukatulia. Ya pili, ukatulia. Ya tatu, hata vyura walilalamika.

Kila alipopita juu ya tuta na mkokoteni wake, Kashindye alipunga mkono.

"Fundi! Adui wako kapotea njia?"

"Huenda yuko njiani, mzee."

"Basi omba mvua, mama! Au umeshaanza kutafuta kibuyu?"

Milembe alicheka naye, lakini nyumbani hakucheka. Alikuwa na mama mkongwe asiyeweza safari, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Jirani akamnong'oneza aende kwa mganga wa mvua. Akatikisa kichwa.

"Niombe maji yaue watu ili mimi nisihame? Siwezi."

Masika ya saba yakaja. Mvua ilikuwa ya kawaida. Mto ulifika kwenye mguu wa tuta, ukaunusa kama mbwa anavyomnusa mgeni, ukarudi zake.

Ngoma ikapigwa. Ibushi nzima ikapanda juu ya tuta. Milembe alisimama mbele ya Mtemi, kibuyu mkononi.

"Adui hakufika," Mtemi akasema. "Desturi ni desturi. Mzee Kashindye, wewe ndiye uliyehesabu. Ng'oa la kwanza."

Kashindye hakungoja kuambiwa mara mbili. Akachomeka mtaimbo, akasukuma, jiwe lenye alama ya jembe likatoka na udongo ukamwagika.

"Mtemi," Milembe akasema, "kabla sijaondoka, niruhusu nimuulize mzee jambo moja."

"Uliza."

"Mzee Kashindye, ile michungwa kule chini ni ya nani?"

Watu wakageuka. Nyuma ya tuta, bondeni, shamba zima lilikuwa linang'aa kwa machungwa.

"Ya nani tena? Yangu! Na mitamu usipime!"

"Uliipanda lini?"

"Masika ya pili baada ya tuta."

"Na kabla ya hapo ulipanda nini pale?"

"Mtama."

"Kwa nini si michungwa?"

Kashindye akamtazama kama mtu aliyepoteza akili. "We mama! Mchungwa unataka miaka minne, mitano. Nani angepanda mti wa miaka mitano mahali ambapo mto unaweza ku..."

Akageuka, akaitazama michungwa yake.

Kisha mkewe, Holo, akaangua kicheko. "Malizia, Baba Ngolo! Mto unaweza kufanya nini?"

Tuta zima likalipuka kwa kicheko! Mkunga akapaza sauti: "Mimi zamani masika yalinifungia ng'ambo ya matope. Sasa napita juu ya tuta, nafika mtoto hajafika!" Mwingine akadakia: "Sisi tulikuwa tunajenga kwa mabua. Leo tuna nyumba ya matofali!" Na mchungaji nyuma kabisa: "Na yale mashimo tulimochimba udongo wa tuta! Yamejaa maji, ng'ombe wanakunywa kiangazi chote!"

Mtemi akainua mkono. "Nimesikia. Lakini kiapo kilitaja adui, na adui hakufika."

Kashindye akafuta jasho. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo.

"Alifika, Mtemi. Maji ni mkono wake tu. Mwenyewe ni hofu. Alikuwa akilala nyumbani kwangu kila masika, akiniambia: usipande, usijenge, vyote vitaondoka. Tangu tuta limalizike, sijamwona."

Akainama, akalikumbatia jiwe lake, akalirudisha shimoni, alama ya jembe ikitazama mto. Akasukumia udongo kwa viganja. Kisha mzee yule akatimua mbio.

"Unakimbilia wapi?" Mtemi akauliza.

"Kuleta jingine! Tuta limeishia kivukoni, na wakwe zangu wanakaa chini zaidi, kupita kivuko!"

Basi Ibushi ikakimbia! Wazee, vijana, mama na watoto migongoni, kila mmoja akienda kuchukua jiwe.

Mtemi akamtazama Milembe, akatabasamu, akaelekeza fimbo yake kwenye kile kibuyu. Milembe akaelewa: hahami tena. Akapiga magoti, akamwaga maji yote juu ya udongo mkavu kandokando ya jiwe la Kashindye, akaushindilia kwa ngumi mpaka ukashika.

Funzo: Kinga imara haingoji siku ya maafa ndipo ianze kufaa. Unapopima thamani yake, usihesabu mafuriko iliyoyazuia tu; hesabu pia miti iliyopandwa, nyumba zilizojengwa na njia zilizopitika kwa sababu watu waliacha kuogopa.